Wi-Fi ya nyumbani inayodhoofika jioni: namna ya kupima, kutafuta chanzo na kurekebisha

Saa 12 asubuhi video hufunguka mara moja ukiwa bado kitandani. Saa 2 usiku, kitanda kilekile na simu ileile, picha inaganda, sauti inakatika, na vijiti vya Wi-Fi vimebaki viwili. Wengi hukimbilia kuzima na kuwasha ruta, wengine hununua ruta mpya yenye antena nyingi zaidi. Antena hizo hazitasaidia kitu kama tatizo ni mlango wa chuma unaofungwa kila magharibi, au kama majirani kumi wamejazana kwenye chaneli moja (njia ya mawimbi hewani) na wewe.

Shika hili tangu mwanzo: ruta ya kawaida ya nyumbani hurusha mawimbi kwa nguvu ileile mchana na usiku. Kinachobadilika ni vitu vilivyo kati yake na simu yako, pamoja na watu wengine wanaotumia hewa hiyohiyo. Kwa hiyo tunaanza na kupima. Mambo ya kununua yamewekwa karibu na mwisho kwa makusudi, kwa kuwa nyumba nyingi hupona kabla ya kufika huko.

Mambo matatu yanayoitwa "Wi-Fi imeshuka"

La kwanza ni nguvu ya mawimbi yanayofika kwenye simu. Hupimwa kwa dBm (kipimo cha desibeli) na huandikwa kwa namba hasi, hivyo namba iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu: −45 ni bora kuliko −70. Ukiwa mita moja au mbili kutoka kwenye ruta utaona kati ya −30 na −45. Mpaka −60 kila kitu kinakwenda. −67 ndicho kiwango ambacho mafundi wa mitandao hukitumia kama mpaka wa simu za sauti na video. Ukivuka −70 kasi inaporomoka, na kwenye −80 simu huwa imeng'ang'ania jina la mtandao tu. Kila desibeli 3 zikipungua, nguvu imepungua kwa nusu. Ukitoka −60 kwenda −69 umebakiwa na sehemu moja ya nane.

La pili ni kelele. Mtaa ukiwa kimya, kelele ya hewani huwa karibu na −95 dBm. Tofauti kati ya mawimbi yako na kelele hiyo ndiyo inayoamua kasi, na inapofika desibeli 25 au zaidi huna wasiwasi. Mawimbi yakiwa −65 na kelele −95, una desibeli 30. Jioni kelele ikipanda hadi −80 umebaki na 15, ingawa vijiti kwenye simu havijapungua hata kimoja. Hapo ndipo linapotoka lalamiko la "vijiti vimejaa lakini hakuna kinachofunguka".

La tatu ni intaneti yenyewe, yaani njia ya kutoka kwenye ruta kwenda kwa mtoa huduma. Njia hiyo unachangia na mtaa mzima, na kuanzia saa 1 hadi saa 5 usiku ndipo wengi huwa nyumbani. Ikijaa, hakuna kazi yoyote utakayofanya kwenye Wi-Fi itakayoisaidia.

Usitegemee vijiti. Kila mtengenezaji wa simu huamua mwenyewe kijiti kimoja kina maana gani, kwa hiyo vijiti vitatu vya simu yako si vijiti vitatu vya simu ya mwenzako. Tumia namba.

Hatua ya 1: Pima kwa siku tatu

Chagua sehemu tatu ndani ya nyumba: mita 2 kutoka kwenye ruta, mahali unapokaa zaidi, na chumba kinachosumbua. Pima saa 12 asubuhi, saa 7 mchana na saa 2 usiku, kwa siku tatu, moja yake ikiwa Jumamosi au Jumapili. Andika kwenye karatasi namba ya dBm, masafa, yaani bendi ya mawimbi ambayo simu inatumia (GHz 2.4 au GHz 5), na chaneli.

Kwenye Android, pakua programu ya WiFi Analyzer. Tangu Android 9, simu huzuia programu kuchunguza mitandao zaidi ya mara nne ndani ya dakika mbili, kwa hiyo namba huweza kuonekana zimegota. Ukihamia sehemu mpya, simama walau sekunde 30 kabla ya kuandika. Kwenye iPhone, programu ya Apple iitwayo AirPort Utility ina kipima mitandao. Huwashwa ndani ya mipangilio ya simu, kwenye ukurasa wa programu hiyo. Kwenye Mac, bonyeza alama ya Wi-Fi huku umeshikilia kitufe cha Option, utaona nguvu, kelele na chaneli kwa pamoja. Mac ndiyo inayorahisisha zaidi kazi hii, kwa sababu simu nyingi hazikuonyeshi kelele.

Kwenye Windows fungua Command Prompt uandike:

netsh wlan show interfaces

Utapata asilimia kwenye mstari wa Signal. Igawe kwa 2 kisha toa 100: asilimia 80 ni kama −60 dBm, asilimia 50 ni kama −75.

Sasa tenganisha Wi-Fi na intaneti. Kwenye Windows andika ipconfig, tafuta mstari wa Default Gateway. Hiyo ndiyo anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.100.1. Kisha endesha vipimo viwili vya ping, yaani muda ambao ujumbe mfupi huchukua kwenda na kurudi. Cha kwanza ni kwa ruta (weka anwani uliyoipata), cha pili ni kwa seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti:

ping -n 100 192.168.1.1
ping -n 100 8.8.8.8

Kwenye Mac na Linux weka -c badala ya -n. Chomeka laptopu kwenye umeme wakati wa kupima, kwa sababu ikiwa kwenye betri kadi yake ya Wi-Fi husinzia ili kuokoa chaji na kukupa namba za uongo. Kwa sababu hiyohiyo usitumie simu kwa kipimo hiki.

Majibu husomwa hivi. Kipimo cha kwanza kikitulia kwenye milisekunde 1 hadi 5 huku cha pili kikiruka hovyo, Wi-Fi yako ni nzima na tatizo liko nje ya nyumba. Ruka hadi sehemu ya mtoa huduma. Cha kwanza chenyewe kikiruka hadi milisekunde 50, 100 au 300, au kikipoteza pakiti (vipande vya data), tatizo liko hewani ndani ya nyumba. Kama bado una shaka, saa 2 usiku unganisha laptopu kwenye ruta kwa kebo, zima Wi-Fi yake, na upime kasi. Kebo haina jirani wala ukuta.

Hatua ya 2: Linganisha namba na saa za siku

Ukishakuwa na namba za siku tatu, angalia kwanza safu ya masafa. Jambo linalopotosha wengi ni kwamba simu huhama yenyewe kati ya GHz 5 na GHz 2.4 pale majina ya mitandao yanapofanana. Asubuhi ilikuwa kwenye GHz 5, jioni mlango umefungwa, ikakimbilia GHz 2.4 yenye msongamano. Kilichobadilika hapo ni barabara tu. Linganisha GHz 5 na GHz 5, na 2.4 na 2.4.

Kama dBm zinashuka jioni kwa desibeli 6 au zaidi kwenye masafa yaleyale, tafuta kizuizi. Na hapa nyumba zetu zina vizuizi vya aina yake. Mchana milango iko wazi na madirisha yako wazi. Jioni mlango wa chuma wa korido unafungwa, na chuma hurudisha mawimbi badala ya kuyapitisha. Gari huegeshwa barazani, kati ya sebule na chumba cha uani. Tangi la maji la lita 1,000 lililokuwa tupu mchana hujazwa usiku mgao unapofika, na maji hufyonza mawimbi vizuri sana. Hata watu ni maji: sebule yenye watu wanane waliokaa kati ya ruta na wewe itakula desibeli kadhaa, hasa ruta ikiwa chini, usawa wa vifua vyao. Pima mlango ukiwa wazi, kisha umefungwa, ndani ya dakika moja. Jibu utalipata hapohapo bila kusubiri jioni.

Kama dBm hazishuki lakini ping ya ruta inaruka, ni msongamano au kelele. Fungua tena WiFi Analyzer saa 2 usiku, uhesabu mitandao. Kwenye ghorofa za Kariakoo au Pipeline kule Embakasi, orodha hujaa kurasa. Wi-Fi hufanya kazi kama kikao chenye adabu: kila kifaa husikiliza kwanza, na kikisikia mwingine anaongea, husubiri zamu. Asubuhi kikao kina watu watatu, jioni kina thelathini. Juu ya hapo, kila ruta hutangaza jina lake takriban mara 10 kwa sekunde, tena kwa mwendo wa polepole, hata kama hakuna anayeitumia.

Kuna sababu nyingine ambayo haipatikani kwenye miongozo iliyoandikwa kwa nchi ambako umeme haukatiki. Ruta nyingi zikiachiwa zijichagulie chaneli, huchagua wakati wa kuwaka tu. Umeme ukikatika mtaa mzima kisha ukarudi, ruta zote huamka dakika moja. Kila moja inasikiliza hewa iliyo kimya, kwa kuwa wenzake bado hawajaanza kurusha, kisha nyingi zinaangukia chaneli ileile. Msongamano huo hubaki mpaka umeme ukatike tena. Kama Wi-Fi yako huharibika kwa siku kadhaa mfululizo baada ya umeme kurudi, chanzo ni hiki, na dawa yake ni kuifunga ruta kwenye chaneli unayoitaka, kama tutakavyoona.

Kama tatizo hudumu dakika 2 hadi 5 tu, hasa nyakati za chakula, angalia maikrowevu. Hufanya kazi kwenye GHz 2.45, katikati kabisa ya masafa ya Wi-Fi ya 2.4, na hata ikiwa nzima huvujisha kiasi kidogo kinachotosha kufunika mawimbi ya simu. Diski ya nje ya USB 3.0 iliyochomekwa kando ya laptopu nayo hutoa kelele kwenye masafa hayohayo. Isogeze kwa kebo yenye urefu wa mita moja na utaona tofauti.

Kamera za ulinzi za Wi-Fi hustahili kutajwa peke yake. Usiku picha huwa na chembechembe nyingi kwa sababu ya mwanga hafifu, na picha ya namna hiyo haibanwi vizuri, hivyo kamera nyingi hutuma data nyingi zaidi usiku kuliko mchana. Kamera iliyo getini, mbali na ruta, huongea kwa mwendo wa polepole, na ikiongea wote wengine hungoja. Kamera mbili za namna hiyo zinaweza kuilemea GHz 2.4 ya nyumba nzima.

Kama GHz 5 hupotea kabisa kwenye orodha kisha kurudi baada ya dakika moja au zaidi, ruta iko kwenye chaneli zinazochangiwa na rada, yaani 52 hadi 144. Sheria inaitaka ihame mara inapodhani imesikia rada, na isikilize walau sekunde 60 kabla ya kurusha kwenye chaneli nyingine ya kundi hilo. Walio karibu na viwanja vya ndege na bandari wakutane na jambo hili bila kushangaa.

Mchana nao una ugonjwa wake, ambao ni joto. Ruta nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa joto la mazingira la nyuzi 0 hadi 40. Iliyofungwa juu ya dari chini ya bati, au iliyowekwa juu ya king'amuzi kinachochemka, hupita hapo saa 8 mchana. Dalili yake ni kupunguza kasi au kujiwasha upya, kisha kutulia jua likizama.

Mvua husingiziwa bure. Ndani ya nyumba haina athari yoyote ya maana kwenye Wi-Fi. Inaweza kusumbua intaneti ya setilaiti au kiungo cha mnara, na majani mabichi yaliyolowa huzuia mawimbi yanayovuka uani, lakini sebuleni hapana.

Hatua ya 3: Rekebisha, jambo moja kwa wakati

Ukibadilisha vitu vitatu siku moja hutajua kilichosaidia ni kipi. Badilisha kimoja, pima saa ileile iliyokuwa mbaya, ndipo uende kinachofuata.

Anza na mahali ruta ilipo. Fundi wa faiba huiacha pale kebo ilipoingilia, mara nyingi pembeni mwa nyumba, nyuma ya TV. Ipandishe mita 1.5 hadi 2 kutoka sakafuni, juu ya vichwa vya waliokaa, karibu na katikati ya nyumba, walau nusu mita kutoka kwenye TV, friji na kioo kikubwa cha kabati. Kioo cha kujitazamia kina utando wa metali mgongoni, kwa hiyo hufanya kazi ya bati. Antena zisimame wima kwa nyumba ya chini. Kwenye nyumba ya ghorofa laza moja ili nayo ihudumie sakafu nyingine. Waya mwembamba wa faiba usiukunje kwa kona kali wakati wa kuhamisha, kwani ukivunjika ndani hauonekani kwa nje. Kama hautoshi, acha kifaa cha faiba palepale na usogeze ruta kwa kebo ya mtandao.

Ukuta mmoja wa matofali ya saruji unavumilika, hasa kwa GHz 2.4. Zege lenye nondo, kama sakafu ya ghorofa, ni kizuizi kikubwa. Nyumba za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe na Lamu, zenye kuta nene kupindukia, hazina ruta moja itakayozitosha. Wakazi wake wapange kuvuta kebo tangu mwanzo.

Baada ya mahali, shika chaneli. Fungua kivinjari, andika anwani ya ruta, ingia kwa jina na nenosiri lililobandikwa chini yake. Kama hujawahi kubadilisha nenosiri hilo, libadilishe leo. Tafuta ukurasa wa Wireless au WLAN.

Kwenye GHz 2.4, toa Auto palipoandikwa Channel, uweke 1, 6 au 11. Chaneli za GHz 2.4 zimepishana kwa megahezi 5 kila moja ilhali mawimbi yenyewe yanachukua 20, kwa hiyo ni hizo tatu tu zisizokanyagana. Watu hukosea hapa kwa nia njema: wanaona 1 na 6 zimejaa, wanachagua 3. Sasa kelele za pande zote mbili zinawafikia, na ruta za 1 na 6 haziwasikii vizuri ili zisubiri zamu. Ni heri kugawana zamu kwenye chaneli 6 na jirani unayemsikia wazi kuliko kupigiwa kelele ukiwa 3. Chagua kati ya tatu hizo kwa kipimo cha saa 2 usiku, si cha asubuhi, na usitishwe na mitandao iliyo chini ya −85, iko mbali. Palipoandikwa Channel Width au Bandwidth weka 20 MHz. Ukiweka 40 kwenye mtaa uliosongamana unajitanua juu ya majirani wengi zaidi na kuvuna kelele zao.

Kwenye GHz 5, weka 36, 40, 44 au 48. Hazina wajibu wa kupisha rada. Hakikisha nchi iliyochaguliwa kwenye ruta ni unayoishi, maana orodha ya chaneli hujipanga kulingana nayo. Upana wa 80 MHz unafaa nyumba iliyojitenga. Kwenye ghorofa yenye wapangaji wengi shuka hadi 40.

Kama ruta yako haikubali kufungwa kwenye chaneli moja, kuna njia ya pembeni: izime na kuiwasha saa ile mbaya, saa 2 usiku, ili ichague ikiwa inasikia msongamano halisi.

Kisha yape masafa majina mawili tofauti, kwa mfano Nyumbani na Nyumbani5. Kwenye ruta nyingi itabidi kwanza uzime kipengele kinachoitwa Smart Connect au Band Steering. TV, laptopu na simu za watu ziunganishwe kwenye Nyumbani5. Kamera, taa na vifaa vya zamani vibaki Nyumbani. Ukiona chaguo la aina ya mtandao, toa lile lenye herufi b, yaani 802.11b ya mwaka 1999. Hakuna simu ya leo inayoihitaji, na ikiondoka hata matangazo ya jina la mtandao huenda kwa mwendo wa kasi zaidi. Vifaa vichache vya zamani sana vinaweza kushindwa kuunganika. Vikishindwa, rudisha.

Kila kisichotembea kipe kebo. TV, king'amuzi chenye intaneti, kompyuta ya mezani: kimoja kikitoka hewani, waliobaki wote wanapata zamu zaidi. Kebo ya Cat5e inatosha na hufika mita 100. Dukani uliza kama ni shaba tupu. Kuna kebo za bei ya chini zenye nyuzi za alumini iliyopakwa shaba, ambazo hukatika zikikunjwa na kupoteza mawimbi kwenye masafa marefu. Ukikwangua uzi wake kwa kisu, ndani ni weupe.

Usisahau wanaopakia. Simu nyingi hupakia picha zikiwa kwenye chaji na Wi-Fi, yaani usiku. Upakiaji ukijaza njia ya kwenda juu, hata kupakua kunasimama, kwa sababu majibu madogo ya kuthibitisha hayapiti. Kama ruta ina QoS (mpangilio wa kugawa kasi), iwashe, uweke kasi ya kupakia na kupakua kwenye asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyoipima. Kama haina, weka picha zipakiwe saa 9 usiku, au kila mtu awashe mwenyewe anapohitaji. Tazama pia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Jina usilolijua ni sababu ya kubadilisha nenosiri la Wi-Fi na kuzima WPS (njia ya kuunganisha bila kuandika nenosiri).

Umeme unaoingia kwenye ruta

Fungua ukurasa wa hali ya ruta, tafuta Uptime (muda tangu ilipowaka). Ikisema saa 3 wakati umeme haujakatika wiki nzima, ruta inajizima yenyewe. Mara nyingi aliyechoka ni adapta. Ruta hula umeme zaidi inapohudumia vifaa vingi, na adapta kuukuu iliyokuwa inaimudu mchana inashindwa jioni, ruta inaanza upya, nanyi mnasema mtandao umekatika.

Adapta mpya lazima iwe na volti zilezile zilizoandikwa chini ya ruta, kwa kawaida 12. Ampia ziwe sawa au zaidi: penye 1A unaweza kuweka 1.5A au 2A, lakini penye 2A usiweke 1A. Angalia pia mchoro wa chanya na hasi, na upana wa kichwa. Kuweka 12 kwenye ruta ya volti 9 kunaweza kuiua papo hapo.

Kwa umeme unaokatika, UPS ndogo ya ruta (betri ya akiba) ndiyo ununuzi tunaoupendekeza mapema kuliko ruta mpya. Yenye mAh 10,000 kwa volti 3.7 ina wati-saa 37. Ruta inayokula wati 8 itaendeshwa kwa saa 3 hadi 4 hivi. Kama kifaa cha faiba na ruta ni vitu viwili, vyote viwili vinahitaji kulishwa. Faida yake nyingine ni kwamba ruta haianzi upya na kundi zima la mtaa.

Chumba cha mbali bado kinasumbua

Njia bora ni kituo cha pili kilichounganishwa kwa kebo, na ruta yako ya zamani inaweza kufanya kazi hiyo bure. Iunganishe peke yake na laptopu kwa kebo. Badilisha anwani yake ya LAN (mtandao wa ndani) iwe 192.168.1.2 kama ruta kuu ni 192.168.1.1, ukihakikisha namba hiyo haiko kwenye orodha ambayo ruta kuu hugawa. Zima DHCP, yaani huduma ya kugawa anwani; usipoizima, ruta mbili zitagawa anwani na nusu ya simu zitakosa intaneti. Weka jina na nenosiri lilelile la Wi-Fi, lakini chaneli tofauti: kuu ikiwa 1, hii iwe 11. Mwisho vuta kebo kutoka tundu la LAN la ruta kuu hadi tundu la LAN la hii, si lile la WAN (la kuingizia intaneti).

Ambako kebo haiwezekani, nunua mfumo wa mesh (vituo kadhaa vinavyoshirikiana) wenye masafa zaidi ya mawili, au repita (kifaa cha kurudia mawimbi). Repita ya kawaida hutumia hewa ileile kupokea na kurusha, hivyo kasi hushuka kwa karibu nusu. Kosa kubwa ni kuiweka ndani ya chumba chenye tatizo: hapo inapokea mawimbi mabovu na kurusha ubovu huohuo kwa vijiti vilivyojaa. Iweke katikati ya njia, pale simu inaposoma −60 hadi −65.

Ruta ya laini ya simu

Wenye ruta ya 4G wana mawimbi mawili ya kufuatilia: ya Wi-Fi ndani na ya mnara nje. Kwenye ukurasa wa hali tafuta RSRP na SINR. RSRP ni nguvu ya mnara. −80 ni nzuri sana, −110 ni dhaifu. SINR ni usafi wake. Juu ya 20 ni bora, karibu na 0 ni shida. Jioni utaona RSRP imetulia lakini SINR imeshuka, kwa sababu minara ya jirani inafanya kazi zaidi na kuingiliana. Zungusha ruta polepole dirishani, nyuzi 45 kila mara, ukingoja dakika moja kati ya kila mzunguko, na uchague pembe yenye SINR kubwa hata kama RSRP yake ni ndogo kidogo. Iondoe nyuma ya nondo za dirisha kama unaweza.

Kama tatizo liko kwa mtoa huduma

Mpigie ukiwa na karatasi. Mweleze tarehe, saa, ping ya ruta, ping ya 8.8.8.8, na kasi uliyoipata kwa kebo, asubuhi na usiku, kwa siku tatu. Taja wazi kuwa umepima kwa kebo, kwa maana swali la kwanza la dawati la huduma huwa ni Wi-Fi. Kwa faiba, mwombe asome nguvu ya mwanga kwenye kifaa chako. Kwenye faiba nyingi za majumbani, kati ya −15 na −25 dBm hivi ni sawa; ikiwa chini ya −27 kuna kiungo kichafu au waya uliokunjwa, na fundi anapaswa kuja. Mwanga ukiwa mzuri na kasi ya kebo bado ikafa kila usiku saa zilezile, njia ya mtaa wako imejaa. Omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko, na waombe majirani wa laini hiyohiyo walalamike kila mmoja kwa namba yake.